Kiyoyozi kinapoza wodi, hakibadilishi hewa

*Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi ya wanaume katika hospitali ya wilaya, ukanda wa Pwani. Mwaka jana wodi yetu ilikarabatiwa: madirisha ya luva yakatolewa, tukawekewa ya aluminiamu ya kusukuma pamoja na viyoyozi viwili vya ukutani. Wagonjwa wamefurahi, joto limepungua. Lakini mwezi uliopita muuguzi mwenzetu amegundulika na TB, na kijana aliyewahi kulazwa kwetu kwa kuvunjika mguu amerudi na kikohozi, naye amekutwa nayo. Nikisema tufungue madirisha naambiwa kiyoyozi kinasafisha hewa, na kufungua ni kupoteza umeme na kukaribisha mbu. Watu wa usafi wanapulizia dawa kila asubuhi, wodi inanukia. Sasa amekuja mtu anauza mashine ya ozoni, na mwingine anauza taa za mionzi. Je, kiyoyozi kinaua vimelea? Tununue nini? Na sisi tunaoshinda humo, tuko salama?*

Marahaba, Sista. Poleni sana kwa mwenzenu kuugua. Nianze na jibu lenyewe, ili ukiitwa kikaoni kabla hujamaliza kusoma uwe nalo: kiyoyozi cha ukutani hakiui bakteria wa TB wala hakiingizi hewa ya nje. Kinavuta hewa ileile ya wodini, kinaipoza, kisha kinairudisha kwa watu walewale. Watu wengi huchanganywa na ile mashine ya nje inayonguruma, wakadhani inatoa hewa chafu. Kazi yake ni kutoa joto tu. Kinachopita kwenye zile paipu za shaba ni gesi ya kupozea, si pumzi ya mgonjwa. Inua kifuniko cha mashine ya ndani utaona wavu mwembamba wa plastiki. Huo unakamata vumbi na nyuzi za shuka, na usiposafishwa angalau kila mwezi unaota ukungu. Bakteria wa TB anaupita bila taabu.

Kuna jambo moja lazima niliseme mapema, maana litakusaidia usije ukapingwa. Usiende kikaoni ukadai kwamba viyoyozi vimemwambukiza mwenzenu. TB inaweza kulala mwilini wiki kadhaa, miezi, hata miaka kabla ya kuwa ugonjwa. Hatari ni kubwa zaidi katika miaka miwili ya kwanza baada ya maambukizi. Huenda aliipata wodini kabla ya ukarabati, huenda aliipata nyumbani au kwenye daladala. Hata yule kijana wa mguu hatuwezi kuapa kwamba aliipata kwenu. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba wodi iliyofungwa namna hiyo inaongeza uwezekano wa mtu kuambukizwa, na hilo linatosha kuchukua hatua.

Tuangalie sasa kinachotokea. Mwenye TB ya mapafu anapokohoa, kupiga chafya, au hata kuongea kwa sauti, anatoa matone ya kila ukubwa. Makubwa yanaanguka sakafuni na kwenye shuka, na hayo hayana habari kubwa kwa TB. Madogo yanakauka hapohapo hewani, zinabaki chembe za maikromita 1 hadi 5 (maikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita), nyepesi kiasi kwamba zinaelea kwa saa nyingi na zikivutwa zinafika mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Mtu akiwasha sigara kitanda cha kwanza, aliye kitanda cha kumi na mbili ataisikia harufu baada ya dakika chache. Chembe hizo husafiri vivyo hivyo, tofauti ni kwamba hazina harufu wala rangi. Ndiyo maana kutenganisha vitanda kwa mita moja au mbili ndani ya chumba kilichofungwa hakumlindi mtu na TB. Surua na tetekuwanga nazo husafiri kwa hewa. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani.

Hili si jambo la nadharia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja ya Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake walichukua hewa ya wodi ya TB wakaipeleka kwa mabomba kwenye mabanda ya simbilisi waliowekwa juu ya wodi hiyo. Simbilisi hao hawakumgusa mgonjwa yeyote, hawakulala kwenye shuka zake wala kula kwenye sahani yake. Walivuta hewa tu, na wakaambukizwa. Kundi jingine lililopewa hewa ileile ikiwa imepitishwa kwenye mionzi ya urujuanimno (UV) halikuambukizwa. Nakutajia habari hii kwa sababu mbili: inaonyesha TB inapita wapi, na inaonyesha kwamba mionzi si uongo. Nitairudia hiyo mionzi baadaye.

Kwa hiyo kupulizia dawa kila asubuhi hakugusi tatizo lenu. Mgonjwa anakohoa saa 2, saa 3, saa 8 mchana, saa 7 usiku. Dawa iliyopulizwa alfajiri haiwezi kusubiri kikohozi cha mchana, na mivuke ya klorini inawakera wenye pumu na wote wenye mapafu mabovu. Sakafu, meza na vitasa vifutwe kwa kitambaa na dawa iliyochanganywa sawasawa, maana vimelea vingi vya hospitali hupita mikononi na kwenye vifaa, na usafi huo usilegee hata siku moja. Hewa ina njia zake.

Njia kuu ya hewa ni kuibadilisha: ya ndani itoke, ya nje iingie, mara nyingi iwezekanavyo. Chumba ambacho hewa yake inabadilishwa mara 12 kwa saa kinaondoa asilimia 99 ya chembe zilizomo kwa takriban dakika 23, kama hakuna anayeendelea kukohoa humo. Ikibadilishwa mara 6, ni dakika 46. Ikibadilishwa mara 2, ni dakika 138, zaidi ya saa mbili. Wodi iliyofungwa madirisha na milango huku viyoyozi vikiunguruma inaweza isifike hata hiyo mara 2.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu hewa ya asili, lilipendekeza wastani wa lita 60 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida, na lita 160 kwa vyumba vya wenye magonjwa ya hewa. Namba hizo usiziogope, unaweza kuzikadiria mwenyewe kwa futi ya fundi na kikokotoo cha simu. Wodi iwe na madirisha pande mbili zinazotazamana. Pima uwazi halisi wa kila upande, yaani pale panapofunguka, usipime kioo kizima. Chukua upande wenye uwazi mdogo kwa mita za mraba, zidisha kwa kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa 0.65, kisha kwa 1,000. Unapata lita kwa sekunde.

Tuseme wodi yenu ina urefu wa mita 10, upana 6 na kimo 3, vitanda 12, na zamani luva za upande mdogo zilikuwa zinatoa uwazi wa mita za mraba 2. Upepo mwepesi wa mita 1 kwa sekunde, ule unaosogeza moshi tu, ungeleta lita 1,300 kwa sekunde. Gawa kwa wagonjwa 12, kila mmoja anapata lita 108 hivi, na hewa ya wodi nzima inabadilishwa kama mara 26 kwa saa. Sasa weka dirisha la kusukuma. Hilo hata ukilifungua lote, kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine, kwa hiyo panapofunguka ni nusu. Uwazi umekuwa mita ya mraba 1, na kila mgonjwa anapata lita 54. Mmeshashuka chini ya kiwango kabla hamjafunga chochote. Wakilazwa wawili wawili kitandani, kama inavyotokea msimu wa malaria, ni lita 27. Hapo ndipo ukarabati ulipowaumiza, Sista, na mara nyingi halionwi kwa sababu wodi inapendeza macho. Viyoyozi vimekuja kumalizia tu kwa kuwapa watu sababu ya kufunga hata ile nusu iliyobaki.

Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulipima hewa kwenye vyumba 70 visivyo na mitambo ya kubadilisha hewa. Madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ilibadilishwa wastani wa mara 28 kwa saa. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalifika mara 40. Mapya yaliishia kwenye 17. Na hayo mapya bado yalivishinda vyumba vya kisasa vya mitambo, vilivyokuwa kwenye 12. Waliojenga Hospitali ya Ocean Road pale Dar es Salaam mwaka 1897 waliielekeza baharini wakaipa vibaraza vipana. Kibong'oto, kule Siha, ilianza miaka ya 1920 kama mahali pa kutunzia wagonjwa wa TB kwenye hewa ya mlimani. Wakati huo dawa za TB hazijapatikana.

Najua utaniuliza: na joto? Na mbu? Ni maswali ya haki, na anayesema "fungueni tu" hajawahi kukesha wodini mwezi wa Februari. Joto la Pwani jibu lake bora ni pangaboi pamoja na madirisha wazi. Pangaboi peke yake katika chumba kilichofungwa inazungusha vimelea vilevile, lakini madirisha yakiwa wazi inasaidia hewa mpya ifike kila kona, na upepo wake unapoza mwili wenye jasho. Mbu wazuiwe kwa chandarua cha kila kitanda. Nyavu za madirishani ziwepo, ila zinapunguza upepo, na zikijaa vumbi zinakuwa kama ukuta, zioshwe. Mvua ikinyesha, yafungwe ya upande inakopiga tu. Na kabla ya yote hayo, tazameni kilichoko nje ya dirisha: kama ni jenereta au jiko la mkaa la ndugu wa wagonjwa, hivyo vihamishwe kwanza.

Hewa ya asili ina udhaifu wake mkubwa: haikutii. Pwani mchana upepo unatoka baharini, usiku unageuka na kutoka nchi kavu, tena ukiwa dhaifu. Wakati wa kusi si sawa na wakati wa kaskazi. Kwa hiyo kitanda ulichomwekea mwenye kikohozi mchana ukijua upepo unampitia unatoka nje, usiku kinaweza kuwa ndicho kinachopelekea wenzake vimelea. Chukua kijiti cha udi, kiwashe, simama kando ya kitanda hicho, kisha mlangoni, kisha katikati ya wodi. Fanya hivyo mchana na tena zamu ya usiku. Tazama moshi unakoelekea. Ukiona unaingia kwenye korido ambako watu wamekaa wakisubiri daktari, au unaelekea chumba cha wenye VVU, mpangilio huo haufai hata kama upepo ni mwingi. Kuna pia vipimo vidogo vya kaboni dioksidi, si ghali kama mashine unazouziwa. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za gesi hiyo kwa milioni. Wodi ikipita 800, hewa ya nje haiwatoshi watu mliomo. Ila hata kikisoma chini ya hapo, usijidanganye kwamba hakuna hatari: kipimo hicho kinahesabu pumzi, hakijui nani ana TB.

Sasa hizo bidhaa. Ozoni, kataa. Ni gesi inayochoma njia ya hewa, na kiasi kinachoua vimelea ni kikubwa mno kuliko kile binadamu anachoweza kuvuta kwa usalama. Mashine hiyo ama haifanyi kazi, ama inafanya kazi na kuwaumiza wagonjwa wenu.

Taa za mionzi ni habari nyingine, na naomba msizitupe pamoja na ozoni. Mionzi ya urujuanimno ya nanomita 254, ikifungwa juu ukutani au darini na kuelekezwa kwenye hewa ya juu ya vichwa, inaua bakteria wa TB kweli. Masharti yake ndiyo yanayowashinda wengi. Dari iwe ndefu, taa isiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, kuwe na pangaboi ya kuipandisha hewa ya chini, na awepo mtu mwenye kifaa cha kupima nguvu ya mionzi wakati wa kufunga na kila mwaka, kwa sababu taa huendelea kuwaka bluu hata nguvu ikiwa imekwisha. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hadi 70 nguvu hupungua, na Pwani unyevu mnaujua. Ikifungwa vibaya inachoma macho, mtu anahisi kama ana mchanga ndani yake. Kama huyo muuzaji hana kifaa cha kupimia na hawezi kurudi mwakani kupima, msimpe fedha. Na zile taa za mkononi za kupitisha juu ya vitanda ni za kukataa moja kwa moja.

Mashine za kusafisha hewa zenye chujio la HEPA, lile la kunasa chembe ndogo sana, zinafanya kazi, chujio hilo linakamata asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Tatizo ni ukubwa. Wodi ile ya mfano ina mita za ujazo 180. Kuibadilishia hewa mara 6 kwa saa unahitaji mita za ujazo 1,080 za hewa safi kila saa. Mashine ndogo inayotoa 300 utahitaji karibu nne, ziwake usiku na mchana, na vichujio vya akiba viwepo stoo. Zikiwa na kelele, zamu ya usiku itazizima, hilo nimeliona zaidi ya hospitali moja. Kwa chumba kidogo cha kumtenga mgonjwa mmoja, au chumba cha kutolea makohozi kisicho na dirisha la maana, naziunga mkono. Kwa wodi nzima, fedha hiyo ningeipeleka kwa fundi wa madirisha.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi ningefanya nini, ningeanza kwa kurudisha luva au madirisha ya kufunguka yote kwa bawaba pande zote mbili, nikafunga pangaboi, na viyoyozi vile nikavihamishia maabara na stoo ya dawa. Uongozi ukishikilia vibaki, basi iwekwe feni ya kutoa hewa nje upande mmoja na tundu la kuingizia hewa upande wa pili, gharama ya umeme ikubalike. Viyoyozi hivyo usivihamishie ofisi ya wauguzi. Hapo ndipo mnapokunywa chai pamoja mlango umefungwa, na mara nyingi mwenzenu anayeumwa bila kujua yumo. Chumba cha upasuaji kina kanuni zake: kule hewa inachujwa na kusukumwa kutoka ndani kwenda nje, madirisha hayafunguliwi, kwa hiyo nisemayo hapa yasipelekwe huko.

Lakini hakuna dirisha linaloweza kufanya kazi ya kumtambua mgonjwa mapema. Anayeambukiza wodini kwa kawaida si yule mwenye kadi ya TB na aliyekwisha anza dawa. Dawa sahihi hupunguza uambukizi wake haraka, ndani ya siku chache. Anayeambukiza ni yule aliyelazwa kwa kisukari, kwa jeraha, kwa moyo, anakohoa wiki tatu na hakuna aliyemuuliza. Mwaka 2006 ziliripotiwa habari za Tugela Ferry, Afrika Kusini: wagonjwa 53 wenye TB sugu kupindukia, yaani isiyosikia dawa nyingi, wakafariki 52, na wengi wao walikuwa wamewahi kulazwa. Kwa hiyo kila anayeingia wodini aulizwe kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Mwenye VVU kikohozi cha siku yoyote kinatosha. Akiwa na dalili apewe barakoa ya kawaida, awekwe chumba cha pembeni chenye dirisha la nje, makohozi ayatoe nje kwenye hewa wazi, kamwe si chooni, na sampuli iende kwenye GeneXpert, mashine ya kupimia TB, siku hiyohiyo.

Ninyi watumishi, barakoa ya upasuaji haiwatoshi. Hiyo inazuia matone ya anayeivaa. Kwa chumba cha anayeshukiwa kuwa na TB vaeni N95, barakoa inayochuja chembe ndogo za hewani, ibane pande zote za uso. Kwenye ndevu haibani. Kila mmoja apimwe dalili angalau mara moja kwa mwaka na wakati wowote anapokohoa wiki mbili. Mtumishi mwenye VVU apewe nafasi ya kuomba kituo chenye hatari ndogo bila kulazimishwa kueleza sababu mbele ya wenzake, na aulizie dawa za kuzuia TB kliniki kwake.

Yapo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa wilaya aitwe wiki hii: wagonjwa wawili kutoka wodi moja ni jambo la kufuatiliwa, orodha ya waliolala karibu yao ipekuliwe, na sampuli zao zipimwe usugu wa dawa. Ukitokea usugu, msisubiri ukarabati, ombeni msaada wa mkoa. Mhandisi aje aione wodi kabla hamjavunja ukuta au kununua chochote, na mganga mfawidhi awepo siku hiyo. Mkabidhini vipimo vya madirisha, idadi ya wagonjwa siku mliyojaa zaidi, na maelezo ya moshi wa udi wa mchana na wa usiku.

Mwenzenu aendelee na dawa, ambazo katika vituo vya umma ni bure, na arudi kazini daktari wake akishathibitisha haambukizi tena. Vikombe na sahani zake hazina haja ya kutengwa.